Je, Kaburi la Yesu liko Kashmir? Maelezo kwa waamini kuhusu dai linalosambaa

Kila mwaka Kwaresima inapokaribia kwisha, swali moja hurudi katika jumuiya zetu ndogondogo na katika vipindi vya mafundisho kwa vijana. Je, ni kweli kwamba Bwana wetu Yesu Kristo hakufa msalabani, bali alishushwa akiwa amezimia, akatibiwa majeraha, akasafiri hadi India, akafa kwa uzee na kuzikwa katika mji wa Srinagar, Kashmir? Wapo walioliona dai hili katika video fupi za simu. Wapo waliolisikia sokoni au barazani, katika mazungumzo ya kawaida na jirani. Wanaouliza si watu waliokwisha kuiacha imani. Mara nyingi ni waamini wanaosali kila Dominika, ambao wameonyeshwa picha ya kaburi lenye mji, mtaa na jina, wakakosa la kusema.

Kwa sababu hiyo tumeona ni vema kulieleza jambo hili kwa utaratibu: dai lenyewe linasema nini, limetoka wapi, ushahidi wake una uzito gani, na sisi tunaamini nini. Tunafanya hivyo bila nia ya kumvunjia mtu heshima. Katika pwani yetu, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma, tunaishi pamoja na ndugu Waislamu, tunazikana na kuoleana. Dai linaweza kukataliwa kwa hoja, na anayelitoa akabaki kuwa jirani mwema.

Dai lenyewe

Katika mtaa wa Khanyar, mjini Srinagar, kuna jengo dogo la ziara liitwalo Roza Bal. Ndani yake wamezikwa watu wawili. Mmoja ni Mwislamu mcha Mungu wa zama za kati, Sayyid Nasir-ud-din. Mwingine hujulikana kwa jina la Yuz Asaf, ambaye mapokeo ya mahali pale humtaja kuwa nabii na mwana wa mfalme aliyetoka nchi ya mbali. Wenye dai husema kwamba huyu Yuz Asaf ndiye Yesu wa Nazareti.

Hoja zao kubwa ni nne. Kwanza, Yesu alikaa msalabani saa chache tu, na hakuvunjwa miguu, kwa hiyo hakuwa amekufa. Pili, vitabu vya kale vya tiba hutaja marhamu inayoitwa kwa jina la Yesu, nao husema kwamba ndiyo iliyoponya majeraha yake. Tatu, watu wa Kashmir ni wazao wa makabila ya Israeli yaliyopotea, hivyo Yesu aliwafuata kama mchungaji anavyowafuata kondoo wake. Nne, jina Yuz ni sawa na Yesu. Kwa masimulizi yao, Yesu aliishi hadi umri wa miaka 120.

Lilikotoka, na jinsi lilivyofika kwetu

Dai hili si la kale. Aliyelijenga ni Mirza Ghulam Ahmad (1835–1908) wa Qadian, katika Punjab, mwanzilishi wa jumuiya ya Ahmadiyya mwaka 1889. Mwaka 1899 aliandika kitabu kiitwacho Masih Hindustan Mein, yaani Masihi katika India. Ni muhimu kufahamu mahali pa dai hili katika mafundisho yake. Waislamu walio wengi huamini kwamba Nabii Isa hakusulubiwa, bali Mwenyezi Mungu alimwinua kwake, naye atarudi siku za mwisho. Mirza Ghulam Ahmad alifundisha kwamba Isa alikwisha kufa kama wanadamu wengine, na kwamba Masihi aliyengojewa ni yeye Mirza mwenyewe. Hivyo kaburi la Srinagar lilikuwa na kazi maalumu: kama Isa amezikwa huko, basi anayengojewa ni mtu mwingine.

Miaka michache kabla yake, mwaka 1894, Mrusi aitwaye Nicolas Notovitch alikuwa amechapisha kitabu kinachodai kwamba katika monasteri ya Hemis, huko Ladakh, alisomewa maandiko ya siri kuhusu ujana wa Yesu nchini India. Mtaalamu Max Müller alitilia shaka habari hiyo mara moja. Mwaka 1895 mwalimu kutoka Agra, J. Archibald Douglas, alifunga safari hadi Hemis. Mkuu wa monasteri alimweleza kwamba hapakuwa na maandiko ya namna hiyo. Hata hivyo Notovitch alisema kwamba Yesu alirudi kwao akasulubiwa na kufa. Simulizi lake na lile la Roza Bal hayapatani, ingawa leo video nyingi huyachanganya kana kwamba ni habari moja.

Kufika kwa dai hili Afrika Mashariki kunajulikana. Sheikh Mubarak Ahmad, mmisionari wa Ahmadiyya, alifika mwaka 1934, na Tabora ikawa moja ya vituo vya kwanza vya kazi yake. Tangu mwaka 1936 jumuiya hiyo ilitoa gazeti la Kiswahili, Mapenzi ya Mungu, na mwaka 1953 ikachapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Miongoni mwa wahubiri wake alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyewapa wapenzi wa lugha yetu kitabu cha sheria za kutunga mashairi, meya wa kwanza Mwafrika wa jiji la Dar es Salaam, na baadaye Waziri wa Sheria wa nchi yetu. Tunalitaja jina lake kwa heshima, ili ieleweke kwamba waliolileta dai hili kwa Kiswahili hawakuwa watu wa mzaha. Walikuwa wasomi na waandishi hodari. Lakini hoja hupimwa kwa ushahidi wake, hata inapotoka kwa mtu mwenye sifa njema.

Je, Yesu alikufa kweli?

Injili zote nne zinasimulia kifo cha Yesu. Marko anaeleza kwamba Pilato mwenyewe alishangaa kusikia kuwa Yesu amekwisha kufa, akamwita akida, akamwuliza, na alipohakikishiwa ndipo akautoa mwili kwa Yosefu wa Arimathaya (Mk 15:44-45). Yohane anaeleza kwamba askari hawakumvunja miguu kwa sababu walimkuta amekufa, na bado mmoja akamchoma ubavu kwa mkuki (Yn 19:33-35). Swali la saa chache, ambalo leo linaletwa kama jipya, liliulizwa siku ileile na liwali wa Kirumi, na likajibiwa na askari ambaye kazi yake ilikuwa kuua.

Nje ya Injili, Tacitus, mwandishi Mrumi asiyewapenda Wakristo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Katika nyakati zetu, mwaka 1986, makala ya kitabibu katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani ilipima masimulizi ya mijeledi, msalaba na mkuki, ikahitimisha kwamba Yesu alikuwa amekwisha kufa kabla ya kuchomwa ubavu.

Haki inatudai tutaje pia jambo linaloonekana kuwasaidia wenye dai. Yosefu Flavio, mwanahistoria Myahudi, anasimulia kwamba katika vita vya Yerusalemu aliwaona watu watatu aliowafahamu wametundikwa msalabani. Alimwomba Tito, jemadari wa Kirumi, nao wakashushwa na kupewa matibabu bora. Wawili wakafa mikononi mwa waganga, mmoja akapona. Basi kupona msalabani si jambo lisilowezekana kabisa. Lakini tazama yaliyohitajika: amri ya jemadari, kushushwa wazi kwa nia ya kuokolewa, na waganga wa jeshi, hata hivyo wawili kati ya watatu hawakupona. Yesu hakupata lolote kati ya hayo. Alichomwa mkuki, akafungwa sanda, akawekwa kaburini.

David Friedrich Strauss, msomi Mjerumani ambaye mwenyewe hakuamini ufufuko, aliikataa nadharia ya kuzimia mwaka 1864 kwa sababu nyepesi kuelewa. Mtu aliyetambaa kutoka kaburini akiwa nusu mfu, anayehitaji kufungwa vidonda na kuuguzwa, asingeweza kuwafanya wanafunzi wamwone kuwa mshindi wa mauti. Wangemhurumia na kumtafutia mganga. Wasingemwabudu.

Kuhusu marhamu, jibu ni fupi. Dawa hupewa majina ya watu watukufu ili kuziheshimu. Waganga wa zama za kati walikuwa na marhamu ya mitume, na Ulaya ikajulikana kuwa na viambato kumi na viwili, sawa na hesabu ya Mitume. Hakuna anayehitimisha kutoka jina hilo kwamba Mitume wote kumi na wawili waliwahi kujeruhiwa na kutibiwa kwayo.

Yuz Asaf ni nani?

Hapa ndipo penye utajiri wa jambo lote, na ndugu zetu waliosoma madrasa watalifuata kwa urahisi kuliko wengi. Katika maandishi ya Kiarabu, herufi *ba* na herufi *ya* zinapokuwa mwanzoni mwa neno zina umbo moja. Tofauti yake ni nukta tu. *Ba* ina nukta moja chini, *ya* ina nukta mbili. Mnakili akikosea nukta, jina lote hubadilika.

Ndivyo ilivyotokea. Wabuddha wa India humwita mtu aliye katika njia ya kuwa Buddha *bodhisattva*. Maisha ya Buddha, mwana wa mfalme aliyeacha jumba la baba yake akatafuta ukweli, yalisimuliwa kuelekea magharibi, yakapita Uajemi, yakaingia katika Kiarabu. Humo jina likawa Budhasaf. Kwa kukosewa nukta, Budhasaf akawa Yudhasaf, na kutoka hapo tunapata Yuz Asaf. Katika masimulizi hayo ya Kiarabu, mwana huyo wa mfalme huenda Kashmir na kufia huko. Wataalamu wengi huona kwamba hapo pia jina limebadilika: Buddha alifia Kushinagara, mji wa kaskazini mwa India, na kwa wasimulizi wa mbali Kushinagara ikawa Kashmir.

Kwa hiyo jina linalosomwa Roza Bal ni jina la Buddha lililopita katika vinywa na kalamu nyingi, wala halina nasaba na jina la Yesu. Hata sifa zake zinathibitisha hivyo: mwana wa mfalme, mwenye hekima, aliyeacha nchi yake. Yesu alijulikana kama mwana wa seremala.

Kanisa lenyewe lilipitia njia hiyohiyo. Hadithi ileile ilitafsiriwa katika Kigeorgia, kisha Kigiriki, kisha Kilatini, na mwana wa mfalme akaitwa Yosafati, aliyeongolewa na mkaa pweke Barlaamu. Wakristo wa zama za kati waliipenda mno, wakawaheshimu wawili hao kama watakatifu, na majina yao yakaorodheshwa katika Martirolojia ya Kirumi tarehe 27 Novemba. Katikati ya karne ya 19 wataalamu walilinganisha maandiko wakagundua kwamba Yosafati ni Buddha aliyevikwa mavazi ya Kikristo. Imani yetu haikutikisika, kwa kuwa haikujengwa juu ya Yosafati. Ukweli ukithibitika, Mkristo huupokea. Tunawaomba wenzetu wanaomtaja Yuz Asaf wautazame ushahidi huohuo kwa moyo huohuo.

Tuongeze jambo moja. Andiko linalotajwa sana kuhusu kaburi la Yuz Asaf katika Srinagar ni historia ya Kashmir iliyoandikwa na Khwaja Muhammad Azam Didamari katika karne ya 18. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,600 baada ya Yesu, na mwandishi huyo hasemi kwamba aliyezikwa pale ni Yesu. Waislamu wa Srinagar wanaolitunza kaburi hilo nao wanakanusha kwamba ni la Nabii Isa, na wamechoshwa na wageni wanaokuja kulitafuta.

Kaburi hujulikana na waliozika

Kila ukoo katika vijiji vyetu una mzee anayeweza kuonyesha, chini ya mwembe au mkorosho fulani, mahali alipolala babu wa babu yake. Anajua kwa sababu aliambiwa na aliyeambiwa na waliozika. Mnyororo huo ukikatika, kaburi hupotea; na akija mgeni baada ya miaka mingi kusema kwamba babu yetu amelala kwake, tutamwuliza kwanza: nani alimzika, na nani aliona?

Pwani yetu inao mfano mzuri. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alijaribu kuanzia safari yake ya mwisho kwenye mlango wa Ruvuma, lakini haikuwezekana kushusha wanyama wake hapo, akaja Mikindani na kuanzia huko. Pamoja naye walikuwako Chuma na Susi. Alifariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko, kisha akachonga maandishi katika shina la mti huo. Mwili waliukausha, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, ambako Februari 1874 ulipokelewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Ulipofika Uingereza, daktari aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka thelathini hivi kabla. Ukazikwa London, katika Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874.

Kwa nini hakuna anayebishana kuhusu kaburi hilo? Wapo mashahidi wenye majina, waliokuwapo tangu kifo hadi maziko. Ipo alama iliyowekwa siku ileile, na lipo jeraha lililotambulika. Tukiuliza mambo hayohayo kuhusu Roza Bal, hatupati hata moja. Hakuna anayetajwa kuwa alimzika Yesu pale. Hakuna mwanafunzi aliyeandika kwamba alimfuata huko.

Kaburi la Yerusalemu

Tuulize maswali hayohayo kuhusu Yerusalemu. Nani alimzika Yesu? Yosefu wa Arimathaya, mjumbe wa Baraza, mtu ambaye mji wote ungeweza kumwuliza. Na Yohane anamtaja Nikodemo pamoja naye. Nani aliona? Maria Magdalena na wanawake wenzake walitazama alipowekwa (Mk 15:47). Hata wapinzani hawakusema kwamba mwili bado umo. Walisema kwamba umeibwa (Mt 28:13), na kwa kusema hivyo walikiri kwamba kaburi lilikuwa tupu.

Mahali penyewe hapakusahaulika. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 135, Kaisari Hadriani aliijenga upya Yerusalemu kama mji wa kipagani, na juu ya mahali hapo pakawekwa hekalu. Wakristo waliendelea kukumbuka. Mnamo mwaka 325 au 326, kwa amri ya Kaisari Konstantino, hekalu lilibomolewa, na chini yake likaonekana kaburi lililochongwa katika mwamba. Kanisa lililojengwa hapo lilitabarukiwa mwaka 335.

Jambo moja linawavutia wanahistoria. Wakati wa Konstantino mahali hapo palikuwa ndani ya mji, ilhali Wayahudi hawakuzika ndani ya kuta. Mtu anayebuni kaburi la uongo angechagua mahali nje ya mji. Lakini ukuta ulioingiza sehemu hiyo ndani ulijengwa na Herode Agripa kati ya mwaka 41 na 44, miaka kumi hivi baada ya Yesu kusulubiwa. Wakati wa Yesu palikuwa nje, na makaburi mengine ya Kiyahudi ya zama zile yanaonekana humo hata leo. Kumbukumbu ya Wakristo wa Yerusalemu ilikuwa imehifadhi jambo ambalo sura ya mji ilikuwa imelificha.

Mwaka 1009 Khalifa al-Hakim wa Misri aliamuru kanisa hilo libomolewe, na sehemu kubwa ya kaburi ikaharibiwa, lakini mahali pakabaki na kanisa likajengwa tena. Mwezi Oktoba 2016, wakati wa ukarabati ulioongozwa na wataalamu wa Athens, bamba la marumaru lililofunika kaburi liliinuliwa. Lokaa iliyochukuliwa chini yake ilipimwa, ikaonekana kuwa ya karibu mwaka 345, yaani nyakati za Konstantino na wanawe. Vipimo hivyo havithibitishi ufufuko, wala hatusemi hivyo. Vinathibitisha kwamba mahali panapoheshimiwa leo ndipo palipoheshimiwa karne ya 4.

Waamini wa pwani watapenda kujua pia kwamba funguo za kanisa hilo, tangu karne nyingi, ziko mikononi mwa familia ya Kiislamu ya Joudeh, na mlango hufunguliwa na familia nyingine ya Kiislamu, Nuseibeh. Wakristo wa madhehebu mbalimbali husali ndani, na mlinzi wa mlango ni jirani Mwislamu.

Roza Bal si pekee. Katika kijiji cha Shingo, Japani, huonyeshwa kilima kinachoitwa kaburi la Yesu. Mwaka 2007 filamu moja ilidai kwamba kaburi lililopatikana Talpiot, Yerusalemu, mwaka 1980 ni la familia yake, kwa sababu masanduku ya mifupa yana majina kama Yesu, Yosefu na Maria. Majina hayo yalikuwa ya kawaida mno kwa Wayahudi wa wakati ule. Atakayeyatumia kama ushahidi ni sawa na mtu atakayekuta makaburi ya Juma, Fatuma na Ali mahali popote pwani, akadai amegundua ukoo anaoutaka.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Mtu anaweza kusema: kuna hasara gani, kaburi likiwa hapa au kule? Kama swali lingekuwa ni mahali tu, hasara isingekuwa kubwa. Mkristo hahitaji kuona Yerusalemu ili aokoke, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 640) inafundisha kwamba kaburi tupu peke yake si uthibitisho wa moja kwa moja wa ufufuko, ingawa ni ishara ya lazima. Wanafunzi waliamini kwa sababu walikutana naye akiwa hai.

Lakini dai la Kashmir linasema zaidi ya mahali. Linasema kwamba mwili upo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto, kama miaka ishirini na mitano baada ya tukio, kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akawatokea watu wengi ambao walio wengi wao walikuwa bado hai (1Kor 15:3-8). Kisha anasema wazi kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri yetu ni bure na imani yetu ni bure. Paulo hakutuachia njia ya katikati.

Dai hili linagusa pia heshima ya Yesu mwenyewe. Kama alipona na kuishi miaka mingi mahali pengine, basi aliwaacha rafiki zake wahubiri jambo ambalo yeye alijua kuwa si kweli. Stefano alipigwa mawe, na Yakobo akauawa kwa upanga (Mdo 12:2), ilhali neno moja kutoka kwake lingetosha kuwarekebisha. Yesu wa namna hiyo hafanani na yule anayeheshimiwa na Wakristo, wala na Nabii anayeheshimiwa na Waislamu.

Na linatugusa sisi siku tunapozika. Padre anaposimama kando ya kaburi, mbele ya mjane na watoto, hasemi kwamba marehemu ataendelea kukumbukwa, maana kumbukumbu za wanadamu hufifia. Anasema kwamba Kristo amefufuka kutoka wafu, na kwamba huyu tunayemshusha ardhini atafufuka pamoja naye. Kama Kristo amelala Srinagar, padre huyo hana neno la kumwambia mjane, na misalaba tunayoisimika juu ya makaburi ya wazazi wetu ni mbao tu. Kama kaburi ni tupu, basi kila kaburi katika jimbo letu lina mwisho wake.

Tuwajibu vipi jirani zetu?

Kwanza, tusikilize. Tumwache mwenzetu aeleze anachoamini mpaka mwisho, tusimdhihaki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unatufundisha kuwatazama Waislamu kwa heshima, na kutambua kwamba wanamheshimu Yesu kama nabii.

Pili, tutofautishe. Dai la Kashmir ni fundisho la Ahmadiyya. Waislamu walio wengi hawalikubali. Si haki kumlaumu kila jirani kwa dai asilolishika, wala kuyatumia mabishano yaliyopo kati ya Waislamu wenyewe kama silaha yetu.

Tatu, tuulize maswali mawili bila hasira: nani alimzika huko, na habari hiyo iliandikwa lini? Maswali hayo yanatosha pia kwa video nyingine zitakazokuja, maana zitakuja.

Nne, tuijue imani yetu. Tunawasihi viongozi wa jumuiya na makatekista wasome pamoja na waamini, katika kipindi hiki cha Pasaka, sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorinto, na masimulizi ya ufufuko katika Injili zote nne. Atakayeyasoma kwa utulivu ataona kwamba mashahidi wanatajwa kwa majina, na kwamba wa kwanza kati yao walikuwa wanawake waliokwenda kaburini alfajiri kuupaka mwili manukato. Walilijua kaburi. Walikuwa wameona alipowekwa. Hawakumkuta.

Tumsifu Yesu Kristo.